Nguzo Hufia Shingoni

Uzio wangu wa kwanza ulisimama misimu miwili ya mvua. Asubuhi moja ya Machi niliwakuta ng'ombe wangu katikati ya mahindi ya jirani, na nyuma yao nguzo saba zimelala chini, zimeshikiliwa na seng'enge tu. Nilimlipa jirani mahindi yake, nikamwomba radhi, kisha nikarudi kuziangalia zile nguzo moja moja.

Juu zilikuwa nzima kabisa. Ukizigonga zinalia. Hata ncha zake za chini, zilizokuwa zimezama futi mbili ardhini, nyingi zilikuwa bado na mti mgumu. Zote zilikatikia mahali pamoja: pale zilipotoka udongoni, kiasi cha kiganja kimoja juu ya ardhi na viganja viwili chini yake. Tangu siku ile mahali hapo napaita shingo ya nguzo, na kila ninachomshauri mkulima kuhusu uzio, banda au kichanja cha zabibu huanzia hapo.

Siku hizi nguzo zenye dawa zimejaa sokoni. Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mafinga hadi Njombe, malori hushuka yamebeba nguzo za kijani kwenda Morogoro, Dodoma na Pwani. Wakulima wengi huzinunua wakiamini kwamba rangi ile ndiyo dawa, huzikata wanavyotaka, huzichimbia kama walivyozoea, na vipande vinavyobaki huviingiza jikoni. Makosa hayo manne yana gharama. Matatu ya kwanza hula fedha. La nne linaweza kula uhai.

Kwa nini hufia shingoni

Mti huliwa na maadui wawili wakubwa: kuvu waozeshao na mchwa. Kuvu wanahitaji maji, hewa na joto ili wale. Juu ya nguzo kuna hewa tele, lakini jua na upepo huikausha haraka baada ya mvua. Chini kabisa ya shimo unyevu upo, lakini hewa ni haba. Shingoni ndipo vyote vinapokutana: udongo una maji, hewa inapenya, joto linatosha mwaka mzima. Mchwa nao hutoka ardhini, na shingo ndiyo mlango wao. Hupanda kwa kujenga vijia vya udongo juu ya nguzo, au huingia ndani kwa ndani wakaacha gamba la nje likionekana zima, mpaka siku utakapoegemea.

Wazee walijenga kwa miti yenye kinga yake yenyewe. Bara walitumia mtarakwa na mpingo. Pwani walitumia mikoko, na biashara yake ilikuwa na majina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yalibeba boriti hizo kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi nchi za Ghuba, zikaezeka nyumba za huko. Miti hiyo hukua polepole, imepungua, na kuikata kunahitaji kibali. Kuitafuta leo ili uzungushie shamba la mahindi ni kuimaliza.

Tulicho nacho kwa wingi ni mlingoti, yaani mkaratusi, na mpaina. Mlingoti uliopandwa vizuri kwenye mvua ya kutosha hutoa nguzo za uzio kwa miaka michache tu. Lakini mti uliokua kwa haraka namna hiyo hauna kinga ya kutosha. Uchimbie mbichi kwenye ardhi yenye mchwa, na mwaka mmoja hadi mitatu utakuwa umelika. Dawa ndiyo inayoupa mti wa haraka uvumilivu wa mti wa polepole. Nguzo iliyotiwa dawa sawasawa na kuchimbiwa vizuri hufika miaka 20 na kuendelea.

Dawa huingiaje

Kuelewa jambo hili ni nusu ya ununuzi. Kata gogo lolote la mlingoti uangalie uso wake. Nje kuna sehemu nyeupe, ile iliyokuwa ikipandisha maji mti ulipokuwa hai. Katikati kuna kiini, chenye rangi iliyokolea zaidi. Sehemu nyeupe hupokea dawa kwa sababu vijifereji vyake viko wazi. Kiini cha mlingoti karibu hakipokei kitu, hata ukikisukuma kwa nguvu kiasi gani.

Ndiyo maana nguzo ya mviringo ni bora kuliko mbao iliyopasuliwa kwa kazi ya ardhini. Katika nguzo ya mviringo sehemu nyeupe hukizunguka kiini chote, na ikijaa dawa inakuwa pete inayokilinda. Ukipasua gogo kuwa mbao, upande mmoja huenda ukawa kiini kitupu, na mchwa wataingia hapohapo.

Kiwandani, nguzo kavu huingizwa ndani ya tangi refu la chuma na mlango unafungwa. Pampu hunyonya hewa iliyomo ndani ya mti, kisha dawa hujazwa na kugandamizwa kwa nguvu mpaka mti usiweze kunywa zaidi. Mwisho, pampu hunyonya tena ili nguzo isitoke ikichuruzika. Njia hii ni ya zamani: Mwingereza John Bethell aliisajili mwaka 1838 kwa ajili ya kreosoti, lami ile nyeusi yenye harufu kali ambayo imelinda mataruma ya reli na nguzo za simu duniani kote. Dawa ya kijani ilikuja baadaye. Mwanasayansi wa India, Sonti Kamesam, aliigundua mwaka 1933 kwa kuunganisha shaba, kromiamu na aseniki. Shaba huzuia kuvu, aseniki huua mchwa na kuvu ambao shaba haiwawezi, na kromiamu huzifunga hizo mbili kwenye mti ili mvua isizioshe kwa urahisi. Rangi ya kijani hutokana hasa na shaba.

Angalia neno moja katika maelezo hayo: nguzo kavu. Mti mbichi umejaa maji, na penye maji dawa haina pa kuingia. Zaidi ya hapo, mti mbichi ukitiwa dawa utakauka baadaye shambani na kupasuka, na ufa huo utafika kwenye kiini kisicho na dawa. Mti uliokauka kwanza hupasuka kabla ya kuingia tangini, hivyo dawa hupenya hadi ndani ya nyufa zake.

Kama una milingoti yako na unataka kuipeleka kiwandani, bandua magome siku hiyohiyo ya kukata. Zipange nguzo juu ya magogo, zisiguse ardhi wala majani, ukizipishanisha ili upepo upite kati yake, na uziweke kivulini ili jua kali lisizipasue. Ziache miezi kadhaa, kwa kufuata hali ya hewa ya kwako. Kazi ya kutoboa, kuchonga na kukata urefu imalize kabla ya kwenda kiwandani. Baada ya dawa, kila tundu ni mlango.

Kabla ya kulipa

Ukijani unaweza kupakwa kwa brashi. Unaweza pia kupatikana kwa kuchovya nguzo kwenye pipa kwa saa chache, dawa ikaishia unene wa ukucha. Nguzo ya namna hiyo na nguzo halisi zikisimama pamoja, macho hayazitofautishi. Fanya haya:

Kwanza, omba nguzo moja ikatwe, uichague mwenyewe kutoka katikati ya rundo. Ilipie ikibidi; ukinunua themanini, hasara ya moja ni ndogo. Usikubali ikatwe karibu na ncha. Dawa huingia kwa urahisi sana kupitia ncha, hivyo kipande cha mwisho kitaonekana kizuri hata kama katikati hakuna kitu. Ikatwe katikati ya urefu wake.

Pili, soma pete. Rangi ya dawa iizunguke nguzo yote bila kukatika na ifike hadi mwisho wa sehemu nyeupe. Kwa nguzo za uzio, pete iliyo nyembamba kuliko kidole gumba hunifanya niondoke. Kiini kikibaki na rangi yake ya asili usishtuke, ndivyo ilivyo. Ikiwa kiwanda kina kemikali ya kupimia shaba, omba ipuliziwe kwenye mkato: palipo na dawa hugeuka buluu iliyokolea.

Tatu, angalia ncha. Mlingoti hupenda kupasuka vichwani, na viwanda makini hupigilia bati la meno au chuma chenye umbo la S kuzuia ufa usiendelee. Ufa mwembamba ni wa kawaida. Ufa unaoingia kidole na kushuka chini kwa urefu wa mkono, iache nguzo hiyo.

Nne, uliza nguzo ilitibiwa kwa kazi gani. Dawa ya mbao za paa ni kidogo kuliko dawa ya nguzo inayochimbiwa. Katika mfumo wa Afrika Kusini, kwa mfano, alama H2 ni ya mbao za ndani ya nyumba, H3 ni za nje zisizogusa ardhi, na H4 ni za kuchimbiwa. Tafuta kibati au muhuri wenye jina la kiwanda na daraja la matumizi, na uombe risiti inayotaja dawa iliyotumika. Muuzaji anayekuambia "dawa ni dawa tu" hajui anachouza, au anajua na hataki wewe ujue.

Tano, nguzo isiwe imetoka tangini leo. Dawa huchukua siku hadi majuma kushikamana na mti. Nguzo inayochuruzika, au inayoacha rangi mkononi, bado ni mbichi kwa dawa. Mwachie muuzaji mpaka ikauke.

Hesabu ya eka moja

Wengi huniambia nguzo za dawa ni ghali. Tufanye hesabu pamoja. Eka moja ina mita za mraba 4,047. Shamba likiwa mraba, kila upande ni kama mita 64, na mzunguko wake ni kama mita 255. Ukiweka nguzo kila mita 3, unahitaji nguzo 85.

Nguzo mbichi zikidumu miaka miwili, ndani ya miaka 20 utakuwa umeweka uzio mara kumi. Hizo ni nguzo 850 na mashimo 850. Nguzo ya dawa ikiwa na bei mara nne ya nguzo mbichi, bado utakuwa umelipa chini ya nusu kwa upande wa nguzo pekee, kabla hujahesabu vibarua, seng'enge iliyokatika, mazao yaliyoliwa na uhusiano na jirani ulioingia doa. Kama mfuko hauruhusu kwa mara moja, anza na nguzo za kona na za lango, uongeze upande mmoja kila msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika kazi hii ukuta unajengwa mara kumi.

Kuchimbia

Nguzo nzuri ikichimbiwa vibaya hufa kama mbaya. Kanuni ya kwanza: ncha iliyotoka kiwandani ndiyo inayoingia ardhini. Ukilazimika kupunguza urefu, kata juu. Mkato mpya umefunua kiini, na kiini kikiingia kwenye udongo mchwa watapanda kupitia humo, wakile cha ndani na kukuachia gamba la kijani lililo tupu. Mkato wa juu upake dawa ya shaba ya kupaka kwa brashi, kisha uufunike kwa kipande cha bati ili mvua isiingie.

Kwa nguzo ya katikati yenye mita 2.4, yaani futi 8, zamisha sentimita 60 hadi 75. Nguzo za kona na za lango ziwe nene zaidi, sentimita 12 hadi 15 za unene, na ziende chini sentimita 90 au zaidi, kwa sababu ndizo zinazobeba mvuto wote wa waya. Zipe egemeo kwa kila upande waya unakovuta. Nguzo za katikati zinatosha zikiwa na unene wa sentimita 8 hadi 10.

Weka kokoto kiasi cha kiganja chini ya shimo ili maji yasituame. Rudisha udongo kidogo kidogo, ukishindilia kila tabaka la kama sentimita 15 kwa mtaimbo au mti mzito. Wengi humwaga udongo wote kisha wakashindilia juu tu, nguzo ikaonekana imekaza kumbe chini inaelea. Malizia kwa kuinua udongo kuizunguka nguzo kama kichuguu kidogo, ili maji ya mvua yaikimbie shingo.

Zege litumike kwa uangalifu. Mafundi wengi huizungushia nguzo zege kama kikombe, na kikombe kazi yake ni kushika maji. Ukitumia zege, nguzo isimame juu ya kokoto, zege liwe pembeni tu, na sehemu yake ya juu itokeze juu ya ardhi ikiwa na mteremko wa kwenda nje.

Misumari ya U iwe ya kuzuia kutu. Ipigilie kwa kuinamisha kidogo, miguu yake miwili isiingie kwenye mstari mmoja wa nyuzi za mti, la sivyo utaipasua nguzo. Usiizamishe mpaka ibane waya. Acha waya uweze kuteleza, maana siku utakapohitaji kuukaza upya utajishukuru.

Na kabla ya kiangazi kila mwaka, fyeka majani mita moja kila upande wa uzio. Hili wengi hawalijui: nguzo yenye dawa ya kijani ikiguswa na moto wa nyika inaweza kuendelea kufuka polepole baada ya moto kupita, saa kwa saa, mpaka iwe majivu. Unazima moto jioni ukalala kwa amani, asubuhi unakuta mashimo. Ukikuta nguzo inafuka, imwagie maji mpaka ipoe kabisa, ukisimama upande upepo unakotokea.

Kinachoua mchwa hakikupendi wewe

Sasa nizungumze na wewe ndugu yangu, na zaidi na mama anayewasha moto jikoni. Aseniki ni sumu inayojulikana tangu kale. Ikiwa imefungwa ndani ya nguzo iliyosimama shambani, madhara yake kwako ni madogo mno. Ukiichoma nguzo, unaifungua. Sehemu moja huondoka na moshi mnaouvuta, nyingine hubaki kwenye majivu ikiwa imejikusanya zaidi kuliko ilivyokuwa kwenye mti.

Majivu hayo yana ladha ya chumvichumvi. Ng'ombe na mbuzi huyafuata na kuyalamba, na katika nchi mbalimbali mifugo imekufa kwa kulamba majivu ya nguzo zilizochomwa. Mtoto anayechezea jikoni naye hutia mkono mdomoni. Kwa hiyo kipande cha nguzo ya dawa, hata kiwe kidogo kama kidole, kisipikie chai, kisichome nyama, kisipikie pombe, kisitumike kuchoma matofali, na jivu lake lisipelekwe bustanini. Vibarua waambie kabla kazi haijaanza, maana vipande huwa ni haki yao ya kawaida ya kuni. Wape kuni nyingine badala yake.

Marekani, watengenezaji waliacha kuuza dawa hii kwa mbao nyingi za majumbani mwishoni mwa mwaka 2003, lakini nguzo za uzio wa shamba na za umeme zikaendelea kuruhusiwa. Mantiki yake ndiyo ninayoifuata kwangu: iwe mbali na mahali watu wanapokaa, wanapokula na watoto wanapocheza, na ifanye kazi ambayo mti mwingine hauwezi. Isitengenezwe hori la kulishia, birika la maji, mzinga wa nyuki, ghala ambamo nafaka hugusa mbao, kichanja cha vyombo, bembea wala meza. Pumba zake zisiwe matandiko ya kuku au ng'ombe, wala zisiwekwe kwenye mboji.

Tuta la mboga lililozungushiwa mbao za dawa nalo si chaguo zuri. Kiasi kidogo cha aseniki hutoka polepole na kubaki kwenye udongo wa karibu, na mazao ya mizizi kama karoti huwa jirani mno. Zabibu, mapesheni au nyanya zinazopanda kwenye waya kati ya nguzo haziko katika hatari hiyo, ila mboga za mizizi usizipande mguuni mwa nguzo. Kama unauza mazao ya kilimo hai nje ya nchi, zungumza na mkaguzi wako kabla hujachimbia hata nguzo moja, kwa kuwa kanuni za Marekani za kilimo hai zinakataza kuweka upya nguzo zenye aseniki mahali zinapogusa udongo au mifugo.

Unapokata au kutoboa, fanya nje, vaa glavu na barakoa, tandika turubai chini ukusanye pumba zote. Nawa mikono kabla ya kula au kuvuta sigara, na nguo za kazi zifuliwe peke yake. Nguzo zenye kreosoti zina tabia nyingine: mafuta yake huunguza ngozi, na jua likiipiga ngozi hiyo maumivu huongezeka. Harufu yake huingia kwenye maziwa na vyakula, hivyo ziwe mbali na banda la kukamulia.

Vipande vinavyobaki vitafutie kazi nyingine ya nje: vigingi vya mipaka, maegemeo ya nguzo za kona. Visivyo na kazi vihifadhi mahali pamoja pakavu, mbali na kisima na mto, kisha muulize muuzaji kama kiwanda huvipokea, au umwone ofisa mazingira wa halmashauri yako akuelekeze.

Njia za nyumbani na uzio hai

Wapo wanaochoma ncha za nguzo mpaka ziwe nyeusi, na wapo wanaozipaka oili chafu ya gari. Nimejaribu zote mbili. Kuchoma hutengeneza gamba jembamba la mkaa ambalo hupasuka, na mchwa hupita kwenye nyufa. Oili hukaa juu ya mti bila kuzama ndani, mvua huiosha ikaenda kwenye udongo na maji yako, na nguzo huliwa baada ya muda mfupi. Usipoteze nguvu zako huko. Wala usinunue dawa ya kijani ya kiwandani ukachanganye kwenye pipa nyuma ya nyumba: utajidhuru, na bila mgandamizo haitafika inakotakiwa. Kwa mbao za ndani, zisizogusa ardhi wala kunyeshewa, dawa za jamii ya boraksi ni nzuri na zina hatari ndogo kwa watu, lakini huyeyuka kwenye maji, kwa hiyo ardhini hazina maisha.

Ushauri ninaoupenda kuliko wote ni kuchanganya. Si lazima shamba zima lizungukwe na sumu. Weka nguzo za dawa kwenye kona, malango, na kila baada ya umbali fulani ili kubeba waya. Kati yake panda uzio hai. Mchongoma una miba inayomzuia hata mbuzi mkorofi. Minyaa hustahimili ukame, ila linda macho ya watoto dhidi ya utomvu wake. Glirisidia ukichomeka tawi lake nene mwanzoni mwa mvua huchipua likawa nguzo inayoishi, na majani yake hurutubisha shamba. Baada ya miaka kadhaa uzio hai utabeba kazi kubwa, na nguzo za dawa zitakuwa zimekupa muda wa kuukuza.

Bisibisi moja kwa mwaka

Kila mwisho wa masika huzunguka uzio wangu na panga na bisibisi. Kwa kila nguzo nafukua udongo kiasi cha kiganja, nakwangua vijia vya mchwa, na kuchoma shingo kwa bisibisi. Ikigoma kuingia, narudisha udongo na kuushindilia. Ikiingia kwa ulaini, naipa nguzo hiyo alama na kuibadilisha kabla ng'ombe hawajaijua. Kazi yote ni ya asubuhi moja.

Zile nguzo saba za kwanza nilizipasua kuni, tukapikia mwezi mzima, na jivu lake likaenda kwenye migomba. Hizi za sasa siwezi kuzifanyia hivyo kamwe. Siku zitakapochoka, miaka mingi ijayo, zitakuwa bado na sumu yake, na huenda atakayezing'oa ni mwanangu. Kwa hiyo ninapozunguka huwa naye, anashika bisibisi, nami namwonyesha shingo iko wapi na kumweleza kwa nini kipande cha mti wa kijani hakiingii jikoni kwetu.